Kuandaa nyumba ya zamani kabla ya kuiuza, Minneapolis

Kutoka: mwenye nyumba, kusini mwa Minneapolis

Habari za jioni wanajumuiya wa Afrika Mashariki. Nyumba inayouzwa ni ya mwaka 1962, ina besimenti (ghorofa ya chini ya ardhi) yenye chumba wanacholala wageni. Tunataka iingie sokoni mwezi Mei. Dalali anashauri jiko livunjwe lote liwekwe jipya. Naomba wanaojua kazi hizi waniambie: pesa ianzie wapi?

Kutoka: fundi ujenzi, Brooklyn Park

Dada, jiko liache lilivyo. Badilisha vishikio vya makabati, kaza bawaba zilizolegea, bomba la sinki likiwa linadondosha weka jipya, basi. Jiko jipya kabisa mara nyingi halirudishi gharama yake kwenye bei, na mnunuzi mwenye ladha nyingine atalivunja tena. Kinachomfanya mnunuzi akimbie au adai apunguziwe ni ripoti ya mkaguzi wa nyumba, na kwenye nyumba yenye besimenti jambo la kwanza ni maji.

Toka nje wakati mvua inanyesha, uizunguke nyumba. Udongo unatakiwa ushuke inchi 6 ndani ya futi 10 za kwanza kutoka ukutani. Kwenye nyumba za umri huo udongo wa pembeni huwa umedidimia, kwa hiyo maji yanarudi kwenye msingi. Ardhi ikishayeyuka, Aprili hivi, jaza udongo wa mfinyanzi. Usitumie mchanga wala mboji, maana vyote viwili vinapitisha maji. Shindilia kila tabaka, na uache inchi 6 za msingi zionekane, udongo usiguse mbao za ukuta zikaoza. Safisha magata (mifereji ya ukingo wa paa), kisha kila bomba linaloshusha maji ya paa liongezewe kipande cha futi 6 kuyapeleka mbali. Kazi hizi za bei ndogo ndizo zinazomaliza sehemu kubwa ya unyevu wa besimenti.

Wengi hukimbilia kupaka ukuta wa ndani rangi ya kuzuia maji. Inabanduka, kwa sababu maji yanasukuma kutoka nyuma yake. Tena mkaguzi akikuta besimenti imepakwa rangi mbichi upande mmoja tu, atataka kujua kinafichwa nini. Rekebisha nje kwanza, ukuta ukauke, halafu kwangua chumvi nyeupe iliyoachwa na maji ukutani kwa brashi ya waya.

Sasa kile chumba cha wageni. Usikitangaze kama chumba cha kulala mpaka upime dirisha lake, kwa sababu ndilo njia ya kutokea moto ukizuka. Likifunguliwa kabisa, uwazi uwe futi za mraba 5.7, upana usipungue inchi 20, urefu usipungue inchi 24, na kizingiti kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Hapa ndipo watu wanapojikwaa: dirisha la inchi 20 kwa 24 linatimiza kipimo cha upana na cha urefu lakini uwazi wake ni futi za mraba 3.3 tu. La upana wa inchi 20 linahitaji urefu wa inchi 41 na kidogo. Pima uwazi wenyewe, usipime kioo wala fremu. Kulipanua ni kukata zege, kunahitaji kibali cha jiji, na mwezi Mei uko karibu. Kama muda hautoshi, kitangazwe kuwa chumba cha ziada.

Pima na radoni, gesi ya mionzi inayotoka ardhini, kabla mnunuzi hajaipima mwenyewe. Kipimo kikae ngazi ya chini kabisa inayotumiwa na watu, saa zisizopungua 48, madirisha yakiwa yamefungwa tangu masaa 12 kabla ya kuanza. Ikifika pikokyuri 4 kwa lita, weka bomba la kunyonya hewa chini ya sakafu. Feni yake isikae ndani ya sehemu wanamoishi watu. Matokeo yoyote uliyo nayo, ya zamani na ya sasa, sheria ya Minnesota inakutaka umpe mnunuzi kwa maandishi.

Na kwa kuwa uko ndani ya mipaka ya jiji, kuna ukaguzi wa lazima wa Minneapolis uitwao Truth in Sale of Housing. Ripoti yake inatakiwa iwepo wateja wanapokuja kutazama. Uite mapema upate muda wa kurekebisha.

Kutoka: mpaka rangi, Saint Paul

Nakubaliana na fundi, naongeza la harufu. Nyumba zetu tunakaanga samaki na maandazi, tunafukiza udi. Wenyeji tumezoea, hatusikii tena; mgeni anaisikia mlangoni. Moshi na mafuta vimeshika dari, juu ya makabati, na ndani ya kapeti. Kupaka rangi ya maji moja kwa moja juu yake ni hasara: inateleza, na baada ya wiki chache madoa ya njano yanajitokeza tena.

Utaratibu ni huu. Osha kuta kwa maji ya moto yenye TSP (unga mkali wa kusafishia) ukianzia chini kwenda juu, maana maji machafu yakitiririka juu ya ukuta mkavu yanaacha michirizi isiyotoka. Suuza mara mbili kwa maji safi, acha pakauke usiku kucha. Kisha paka praima (rangi ya kwanza ya chini) ya shelaki. Hiyo ndiyo inayofunga harufu na madoa; praima ya kawaida ya maji haiwezi. Fungua madirisha, na kama hita ya maji ni ya gesi, uizime pamoja na kimuli chake (kile kimoto kidogo kinachowaka muda wote), kwa sababu mvuke wa praima hiyo unashika moto. Baada ya hapo mikono miwili ya rangi nyeupe inayoelekea krimu kidogo: isiyong'aa kabisa kwa dari, yenye mng'ao hafifu kwa kuta, ya kung'aa nusu kwa milango na mbao za pembeni. Chumba cha futi 12 kwa 12 chenye dari ya futi 8 kina ukuta wa futi za mraba 384, na galoni moja hufunika kati ya 350 na 400, kwa hiyo nunua galoni mbili.

Kapeti iliyonuka miaka mingi usiihangaikie kwa shampuu. Ing'oe pamoja na sponji yake. Nyumba za wakati ule mara nyingi zina mbao za mwaloni chini yake.

Tahadhari moja kubwa: nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 inaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usipige msasa mkavu, hasa kwenye madirisha, lowesha kwanza. Ukiajiri fundi atakayegusa zaidi ya futi za mraba 6 za rangi hiyo ndani ya chumba kimoja, lazima awe na cheti cha EPA, idara ya mazingira ya serikali kuu. Ukiuza, unampa mnunuzi kijitabu cha risasi na fomu ya kueleza unachokijua, naye ana haki ya siku 10 za kupima.

Kutoka: fundi bomba na umeme, Brooklyn Center

Yangu ni mafupi. Chooni, ule mpira wa maji wa kujisafishia: kama unaondoka nao, uutoe pamoja na kiungo chake chenye umbo la T, urudishe mpira wa kawaida wa kuingiza maji. Ukibaki, fungia vali ya T kila baada ya kutumia, kwa sababu mpira ukiachwa na presha saa zote ndio unaopasuka. Choo kikitikisika, king'oe, weka pete mpya ya nta. Kukaza boliti zaidi ni kupasua choo.

Silikoni ya beseni la kuogea: toa yote ya zamani, futa kwa spiriti, jaza beseni maji *kabla* ya kupaka, acha saa 24, ndipo utoe maji. Ukipaka beseni likiwa tupu, mtu wa kwanza kuingia atalididimiza na mstari utafunguka.

Soketi za matundu mawili usizibadilishe ziwe za matatu wakati waya wa ardhi haupo. Weka soketi ya GFCI (inayojikata yenyewe umeme ukivuja) na kibandiko kinachosema haina ardhi, inaruhusiwa. Ila kifaa cha mkononi cha taa tatu hakitaizima hata ikiwa nzima, kwa sababu kinahitaji waya wa ardhi ili kupima. Ijaribu kwa kitufe chake yenyewe.

Ving'ora vya moshi vyenye miaka 10 vitupwe. Tarehe iko mgongoni. Cha kaboni monoksidi kiwe ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala.

Kutoka: mhasibu, Maplewood

Dada, tunza risiti. Dirisha jipya na bomba la radoni vinaongezwa kwenye gharama ya nyumba unapokokotoa faida. Rangi peke yake haiongezwi.

Faida hadi dola 250,000 haitozwi kodi ya serikali kuu, na 500,000 kwa mke na mume wanaojaza pamoja, kama mliimiliki na kuishi humo miaka 2 kati ya 5 iliyopita. Kwa wanandoa, kila mmoja lazima awe ameishi humo miaka 2. Mume au mke aliyefika kutoka nyumbani mwaka jana hatimizi sharti hilo, na mnabaki na 250,000. Kama chumba kilipangishwa na ukadai uchakavu kwenye kodi, kiasi hicho kitatozwa hata ukiwa ndani ya msamaha.

Mnaorudi Afrika, uzeni ndani ya miaka 3 tangu kuhama. Mtu aliyekwisha kuwa mgeni kikodi (asiyehesabiwa tena mkazi wa Marekani kwa sheria za kodi) hukatwa asilimia 15 ya bei yote siku ya kufunga mauzo, ila kama bei haizidi dola 300,000 na mnunuzi atahamia humo mwenyewe. Raia na mwenye kadi ya kijani anasaini kiapo kwamba si mgeni, hakatwi. Anayesaini kwa niaba yako awe na hati ya uwakilishi iliyokubaliwa na kampuni ya hatimiliki kabla hujasafiri. Ikibidi kusaini ukiwa Dar es Salaam au Nairobi, ubalozi wa Marekani unathibitisha saini kwa miadi.