Kampuni imenunuliwa na wageni, kitengo chetu cha ndege ndo kinafungwa? Naomba ushauri kabla barua haijaja

fundi_hanga_dom
Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi ndege hapa Dodoma, kampuni yetu ina Caravan moja, ile ndege ndogo ya Cessna ya injini moja, kazi yake kubwa ni kupeleka watu na vipuri saiti kule porini upande wa Itigi na kuwarudisha, mara mojamoja inaenda Dar kuchukua mabosi. Sasa kampuni imenunuliwa na wageni. Walikuja watu wao wa hesabu wakaomba gharama zote za ndege, mafuta, bima, maegesho, mishahara yetu, mpaka bei ya ukaguzi wa injini unaokuja, na tangu wameondoka matengenezo makubwa tuliyokuwa tumeshapanga yamesimamishwa na bosi wa kitengo ukimuuliza anasema tusubiri. Hivi hizi ni dalili za kufungwa? Na nifanye nini sasa hivi maana nina mkopo benki na watoto wawili wako shule, wife anasema nitulie nisije nikajiharibia.

Anga_Kati
Pole sana mkuu. Hiyo ya kusimamisha matengenezo ndo imenishtua, mtu anayetaka kuendelea na ndege haahirishi ukaguzi wa injini, anayetaka kuiuza ndo anaona kwa nini atie hela kwenye kitu cha mtu mwingine.
Hii kitu siyo ya kwetu tu. 2008 InBev ya Ubelgiji iliinunua Anheuser-Busch, wale wa bia ya Budweiser kule St. Louis Marekani, kwa dola bilioni 52. Anheuser-Busch walikuwa na kitengo cha ndege cha kujivunia, jeti za Falcon na marubani wao wenyewe, mabosi walishazoea. InBev wao utamaduni wao ni mwingine kabisa, wakubwa wao walikuwa wanapanda ndege za abiria kama watu wengine, kwa hiyo jeti zilikuwa kwenye vitu vya mwanzo kuwekwa sokoni, na Desemba hiyohiyo wakatangaza kupunguza watu kama 1,400 wa maofisini, wengi wao wa St. Louis palepale. 2013 Heinz ya Pittsburgh, wale wa tomato sosi, ikachukuliwa na 3G Capital pamoja na Berkshire Hathaway, kampuni ya uwekezaji ya Warren Buffett, na hao 3G ni kundi la Wabrazili walewale waliokuwa nyuma ya InBev, na huko nako ndege za kampuni zikaondoka. Wanatumia bajeti ya kuanzia sifuri, yaani kila mwaka kila idara inaanza na sifuri na inatakiwa ieleze upya kwa nini ipewe hata shilingi, haijalishi mwaka jana ilipewa ngapi. Kitengo cha ndege kwenye makaratasi hakina mauzo, kina matumizi tu. Muda uliookolewa, au mtu aliyewahishwa hospitali kutoka saiti, havina mstari wake kwenye zile hesabu, na hilo linaniuma kwa sababu wanaoamua hawajawahi kukaa saiti masika barabara ikikatika.
Kwa hiyo usidhani ni kwa sababu nyie mmefanya kazi vibaya. Wale hawakuangalia kazi yenu kabisa.

mgogo_halisi
Mi naona na wao tuwaelewe kidogo. Safari za Dar siku hizi treni ya SGR ipo tangu 2024, unatoka Dodoma asubuhi na mchana uko mjini, na ndege za abiria zipo. Ndege ya kampuni ibebe bosi mmoja kwenda Dar kwenye kikao, hapo hata mimi ningekata. Ila ya saiti ni kesi nyingine. Andikeni mapema kwa namba, safari ngapi za saiti, watu wangapi, gari lingetumia masaa mangapi, muwapelekee kabla hawajaamua.

Dada_wa_Makole
Kaka mimi nimefanya kazi za rasilimali watu, naomba unisome taratibu. Kutulia siyo kosa ila kutulia bila kujua haki zako ndo kunaumiza watu.
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri akishaanza tu kufikiria kupunguza watu atoe taarifa, awape maelezo yote, halafu mkae mjadiliane KABLA, mjadili sababu, namna ya kuepuka au kupunguza idadi, nani anaondoka kwa vigezo gani, lini, na malipo. Siyo mnaitwa Ijumaa saa kumi mnapewa karatasi msaini. Msipokubaliana inaenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa usuluhishi.
Kiinua mgongo kwa sheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Hicho ni kima cha chini tu, hakuna anayekataza kuomba zaidi na wageni wengi wakitaka mambo yaishe haraka wanaongeza. Juu yake kuna notisi, kwa wa mshahara wa mwezi siyo chini ya siku 28, likizo ambayo hujaenda, nauli kama walikuajiri kutoka mbali, na cheti cha utumishi.
Sasa sikiliza hapa panawaliza wengi. Kama wamenunua hisa, mwajiri wako ni yuleyule na miaka yako inaendelea kuhesabiwa. Ukiletewa mkataba mpya wenye jina la kampuni nyingine, usisaini mpaka ujue miaka ya nyuma inalipwa au inahamishwa, iandikwe humohumo. Na ukiachishwa unaona umeonewa, una siku 30 tu kufungua shauri CMA. Watu wanakaa wanabembelezana na ofisi mpaka muda unapita, inasikitisha sana.

rubani_mstaafu
Kijana, sheria umeelezwa vizuri, mimi naongezea ya kazini. Jaza logibuku yako, lile daftari la kazi ulizofanya kwenye ndege, yote leo na isainiwe wakati wanaosaini bado wapo. Kitengo kikifungwa yule mkaguzi wako anahamia mji mwingine, utamtafuta mwaka mzima. Leseni ya fundi inataka uwe umefanya kazi miezi 6 ndani ya 24 iliyopita, kwa hiyo usikae nyumbani muda mrefu. Waambie na marubani wenu, wasipopaa wakatua mara tatu ndani ya siku 90 hawaruhusiwi kubeba abiria.
Uzuri ni Caravan. Auric Air, Coastal, Regional wote wanazirusha, fundi mwenye Caravan kwenye leseni hakosi pa kubisha hodi, ingawa itabidi uhame Dodoma uende Mwanza, Arusha au Dar. Halafu ulizeni kama kitengo kinaweza kuuzwa kizima na watu wake. Chrysler, wale wa magari kule Marekani, waliungana na Daimler ya Ujerumani 1998, na 2001 kitengo chao cha ndege, Pentastar Aviation, kikauzwa kwa Edsel Ford II, wa ukoo wa magari ya Ford, na mpaka leo kinafanya biashara ya kukodisha ndege Michigan. Hakikufa.

fundi_hanga_dom
Mbarikiwe sana wakuu. Dada wa Makole, mkataba wangu wa kwanza ulikuwa wa mwaka mmoja, ukarudiwa mara kadhaa ndo nikapewa wa kudumu, hiyo miaka ya mwanzo inahesabika?

Dada_wa_Makole
Kama hapakuwa na mwanya katikati na hukulipwa ukafungiwa hesabu, idai yote. Tafuta mikataba yote ya zamani na salari slipu, toa kopi, zikae nyumbani siyo ofisini. Halafu kaa na wenzako wote wa kitengo, marubani na yule kijana wa mizigo naye, muandike barua moja ya kuuliza kama kuna mpango wa kupunguza, mpeleke mkasainiwe kopi yenu na muhuri na tarehe. Ifanyeni wiki hii.