Mnatuuzia bahari kwa saa ya ofisini?

Wanajukwaa, nimenyamaza siku kumi na moja nikisubiri watu wazima wajirekebishe. Leo natapika.

Kuna hawa wauza safari hapa mjini Nairobi, siwataji, wanajijua. Tangazo lao lilisema mtumbwi wa kafi, bila injini, bila kelele, Mida Creek kule Watamu, kutazama ndege. Nikatuma elfu kumi na nane kwa M-Pesa, yangu na ya Mzee wangu. Mzee amestaafu, na Jumatano asubuhi hakosi yale matembezi ya ndege yanayoanzia Makumbusho. Hamu yake ilikuwa moja tu: yule ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, anayetaga ndani ya mashimo ya mchanga huko Uarabuni na Somalia, kisha anakuja kwetu kujilisha kuanzia Agosti hadi Aprili.

Treni kutoka Syokimau, kisha matatu kutoka Mombasa. Safari hiyo sina neno nayo.

Miadi ilikuwa saa mbili asubuhi. Fomu yao inasema saa mbili, mwaka mzima, siku zote. Kwani bahari inafungua saa mbili kama benki? Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa karibu dakika 50. Usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu, yaani siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na bamvua pwani yetu maji hukauka kwenye saa nne hivi asubuhi. Kwa hiyo walituingiza mkondoni maji yakikimbia kurudi baharini!

Tulipiga kafi nusu saa, na sikatai, ilikuwa nusu saa tamu. Mikoko pande zote, mdiria mmoja kwenye tawi, kimya mpaka unasikia kaa wakikwaruza mizizi. Halafu mtumbwi ukapanda tope. Ndege walikuwepo, mamia, lakini walikuwa wametawanyika mbali kwenye matope, hata kwa darubini ni vidoti. Maji yanapojaa ndiyo huwasukuma ndege wakusogelee wenyewe, wewe umekaa tu. Kijana aliyetuongoza, naye katoka Nairobi nasi, hakulijua hilo. Mzee wa miaka 67 akashuka, tope hadi magotini, tukasukuma.

Mvuvi mmoja akapita kwa miguu na ndoo yake, akatuangalia, akauliza, “Baba, nani kawaambia mje saa hizi? Leo si bamvua?” Sikuwa na jibu.

Nimedai angalau nusu ya pesa. Jibu lao: “Maji ni kazi ya Mungu, haturudishi.” Mungu huyohuyo ameyapa maji ratiba, na jedwali zake huchapishwa za mwaka mzima! Nikawaandikia hivyo, wakanizuia WhatsApp.

Mzee hajalalamika. Kwenye daftari lake kaandika tarehe, mdiria 1, na neno “tope”. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hizo elfu kumi na nane.

Mwenye namba ya waelekezi wenyeji wa pale Dabaso, kando ya Mida, anitumie inboksi, Aprili haijaisha. Safari hii nitauliza maji kwanza, bei baadaye.