Ushauri: video ya usanisinuru (jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga) kwa wanafunzi 90, umeme wa betri

Mwl_Kibaoni:
Habari za jioni wakuu. Nafundisha Sayansi shule ya msingi, madarasa ya juu, wanafunzi 90 chumba kimoja. Tuna projekta ya wati 60, laptopu, na betri ya sola 12V 100Ah. Video ya usanisinuru ni ya dakika 14, maelezo kwa Kiingereza. Wanatazama kwa utulivu, ila ukiwauliza mmea unapata wapi chakula, wengi wanajibu "kwenye udongo." Halafu inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa 230V, inapiga kelele na kuzima. Kipindi ni dakika 40. Nipange vipi?

Darubini:
Mwalimu, tatizo kubwa ni kwamba video inaanza kabla mwanafunzi hajasema anachoamini. Anayeamini mizizi inakula mbolea ataandika "mmea hutengeneza chakula" kwenye daftari, na imani yake itabaki palepale.

Anza na swali la Van Helmont, mwanasayansi wa karne ya 17, projekta ikiwa imezimwa. Alipanda mche wa kilo 2.3 hivi kwenye kilo 90 za udongo mkavu, akawa anamwagilia maji tu. Baada ya miaka 5 mti ulifika kilo 77 hivi. Waulize: udongo umepungua kilo ngapi? Kila mmoja aandike namba yake. Wengi watataja makumi ya kilo. Ndipo useme: gramu 57 hivi. Waache wabishane kidogo. Yeye mwenyewe alihitimisha kuwa mti wote umetokana na maji, hewa hakuiwazia. Hilo nalo liwe swali kwao.

Sasa ndiyo video, lakini vipande viwili tu vya dakika 2: stomata (vitundu vidogo vya jani) zikifunguka, na hewa ya ukaa ikiingia kwenye jani. Zima sauti, eleza mwenyewe kwa Kiswahili. Darasa la bati mvua ikinyesha, spika ndogo haisikiki hata hivyo. Simamisha kabla jibu halijaonekana, waulize kitakachofuata, kisha endelea. Hizo dakika 10 zilizobaki za video ziache kabisa.

Fundi_Sola:
Kuhusu inveta: piga hesabu. Projekta 60, laptopu 45, spika 10, jumla wati 115. Ongeza upotevu wa inveta, inakuwa kama 135. Kwenye 12V hiyo ni ampea 11. Waya mwembamba na mrefu unapoteza volti njiani, inveta inadhani betri imeisha, inalia na kujizima. Weka inveta karibu na betri kwa waya wa milimita 4 za mraba au zaidi, usiozidi mita 1, na urefu uuongeze upande wa 230V. Kaza vichwa vya betri, safisha ule ukungu mweupe. Ukiwasha tena na bado inalia, pima volti kwenye betri yenyewe, mzigo ukiwa umewashwa. Ikishuka chini ya 11.5, waya hauna kosa: betri ama haijajaa ama imechoka.

Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu. Nusu ya 1200Wh ni 600Wh. Kipindi kizima kinakula 90Wh, kwa hiyo una vipindi 6 kama betri ni nzima na imejaa.

Mwl_Kibaoni:
Asanteni sana. Jaribio la wanga, la kuonyesha kwa iodini kama jani limetengeneza chakula, nifanye mbele yao au nionyeshe kwa video?

Mama_Maabara:
Gawanya. Zile saa 48 za kuweka mmea gizani, ili wanga uliokuwemo uishe, uziandae kabla, kisha ufunike nusu ya jani kwa karatasi ya aluminiamu na kuuacha juani saa 4 hadi 6. Tone la iodini walione kwa macho yao.

Chemsha jani dakika 1, zima moto KABISA, ndipo utie jani kwenye glasi ya spiriti iliyo ndani ya beseni la maji ya moto, ili rangi ya kijani itoke. Spiriti inachemka kwenye nyuzi 78 na mvuke wake unashika moto, kwa hiyo isikaribie jiko. Jani likishakuwa jeupe litakuwa gumu na la kuvunjika. Lichovye kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya iodini.

Tumia majani laini, ya maharage au kunde. Ya kitunguu hayafai, hayahifadhi wanga. Iodini ya duka la dawa izimuliwe mpaka ifanane na chai ya rangi. Ikiwa nzito, jani lote linakuwa la kahawia iliyokolea na watoto watadhani kuna wanga kila mahali. Palipopata mwanga pageuke buluu-nyeusi, palipofunikwa pabaki kahawia.

Kalamu_ya_Wino:
Naongeza jambo moja ambalo sikubaliani na Darubini. Jaribio lianze, video ifuate. Mwanafunzi akishaona nusu ya jani haina wanga, anatazama kile kipande cha stomata akitafuta sababu. Na kwa watu 90, safu za nyuma hazioni glasi: pitisha majani kwenye vifuniko vyeupe vya ndoo, kimoja kwa kila kundi la watu 10.

Darubini:
Nakubali. Ila swali la udongo libaki la kwanza, kabla ya vyote viwili.