Tupeane uzoefu: tabia gani ya maabara ilikusaidia kwenye praktiko?

Wadau, salaam. Nafundisha kemia sekondari, na vijana wangu wa kidato cha nne wanakaribia praktiko, yaani mtihani wa vitendo. Kanuni za ukutani wanazijua: usile humu, usionje kemikali, vaa viatu vya kufunika. Ninachoomba ni zile tabia za mikono ambazo mtu huenda nazo hadi chuo na kazini.

Naanza na kusuuza. Bureti (mrija wenye vipimo na koki, unaodondosha asidi) na pipeti (mrija wa kupimia ujazo kamili wa besi) zisuuzwe kwa maji, kisha kwa myeyusho zitakaoubeba. Ukiishia kwenye maji, matone yaliyobaki ndani ya bureti yanaizimua asidi, na ujazo utakaotumia unapanda. Chupa ya koniko, inayopokea besi kutoka kwenye pipeti, ni maji tu! Ukiisuuza kwa besi, umeingiza besi ambayo pipeti haikuipima. Akishaelewa sababu hiyo, mwanafunzi hana haja ya kukariri.

*Fundi sanifu maabara:*
Mwalimu, ongeza faneli. Wengi wanaiacha juu ya bureti, tone linashuka katikati ya titresheni (kudondosha asidi kwenye besi hadi zitoshane) na usomaji unaharibika. Kiputo cha hewa nchani kitolewe kabla ya kusoma mara ya kwanza. Na tone linalobaki kwenye ncha ya pipeti msilipulize, lilishahesabiwa kiwandani.

*Mwanachuo:*
Kuandika palepale, kwa wino, daftarini. Mhadhiri wetu akikuta namba kwenye kiganja, unaanza upya. Ukikosea unakata mstari mmoja, namba ya zamani iendelee kusomeka. Chupa isiyo na lebo kwetu ni taka, hata aliyeiandaa akiapa anaijua.

*Mdau mwingine:*
Shuleni kwetu bureti moja ilikuwa ya kundi zima. Mmoja alisoma, macho usawa wa mbonyeo (mpindo wa uso wa kimiminika), akanyamaza. Wa pili akasoma bila kuambiwa, ndipo tukalinganisha. Uhaba ule ulitufundisha umakini kuliko hotuba yoyote.

*Mwanzisha mada:*
Hiyo ya kusoma bila kuambiana naichukua, kesho naanza nayo. Vipi kuzimua asidi kali, mnawafundishaje?

*Fundi sanifu maabara:*
Asidi ndiyo inaingia kwenye maji, kidogo kidogo, huku unakoroga, na miwani usoni. Asidi ya sulfuriki ikikutana na maji inatoa joto jingi. Ukimimina maji juu yake yanaweza kuchemka na kukurukia. Mimi huwashikisha bika kwa nje baada ya kuzimua kidogo, wasikie joto wenyewe.