Fundi anataka 350,000 anipeleke ukurasa wa kwanza wa Google kwa siku 14. Nimpe?

mama_migebuka:
Wakuu, habari za mihangaiko.

Niko Kigoma mjini, Mwanga. Nauza dagaa, migebuka mikavu na mawese, huu mwaka wa sita. Wateja wangu wengi wako Dar na Dodoma, mzigo unakwenda kwa basi. Mwaka juzi mdogo wangu alinishawishi nifungue tovuti, nikamlipa kijana mmoja akaitengeneza. Ukiandika jina la biashara yangu Google, natokea. Ukiandika "dagaa wa Kigoma" sipo, hata ushuke mpaka kidole kichoke. Na pale juu kabisa amekaa jamaa ambaye naapa hajawahi kukanyaga mwalo wa Kibirizi. Picha aliyoweka ni ya dagaa wa Mwanza! Mtoto yeyote wa huku akiiona atacheka.

Juzi kaja fundi mwingine na mpango wake: linki 2,000 kutoka tovuti za nje, maoni 50 ya nyota tano kwenye ramani ya Google, na makala 100 atakazozitoa kwa akili mnemba usiku mmoja. Laki tatu na nusu, nusu natanguliza. Nikamuuliza, hii kitu ni halali? Akanijibu, "Mama, Google ni mashine, haina macho." Jibu hilo ndilo limeninyima usingizi.

Na nisijifanye malaika. Dada zangu na mashemeji walishaniandikia nyota tano, wanne kati yao dagaa wangu hata kuwaonja hawajawahi.

Nimpe hela au nimwache? Wenye kujua naombeni msaada. Wenye kejeli pia karibuni, ila msizidi.

pilipili_kichaa:
Ngoja waje. Nimetandika mkeka hapa.

mzee_wa_gungu:
Binti yangu, dagaa tuliuza miaka yote kwa kujuana. Hiyo laki tatu na nusu ongeza mzigo.

mama_migebuka:
Shikamoo baba. Mzigo upo, wanaojuana nami ndio wameisha.

fundi_kodi:
Dada usimpe. Nafanya kazi hizi kila siku, nikueleze anachokuuzia ni nini.

Google tangu Larry Page na Sergey Brin waianzishe mwaka 1998 ilikuwa na wazo moja kubwa: tovuti ikielekeza watu kwa tovuti nyingine, yaani ikiiwekea linki, ni kama imeipigia kura. Ukitajwa na wengi, tena wenye heshima zao, unapanda. Watu wakaona upenyo, wakaanza kuuza kura. Kuna anayefungua tovuti mia tatu za uongo ambazo kazi yake ni kuelekeza kwa anayelipa. Linki zako 2,000 zitatoka huko, au kwenye maoni ya kamari chini ya makala za watu wasio na habari.

Aprili 2012 Google walileta mabadiliko waliyoyaita Penguin, tovuti za linki za kununua zikaporomoka. Mwaka mmoja kabla yake ilikuja Panda, hiyo ilizikamata tovuti za makala nyingi zisizo na kitu ndani. Na Machi 2024 wakaweka sheria inayogusa moja kwa moja hizo makala 100 za usiku mmoja: kurasa zinazomwagwa kwa wingi ili kupanda tu, bila kumsaidia msomaji. Kuandikwa na mashine au na mtu, haijalishi, wanachoangalia ni kama zina faida.

Wengi wanadhani ukinunua linki utapigwa rungu siku hiyo hiyo. Siyo. Tangu 2016 kwa kiasi kikubwa wanazipuuza tu. Huadhibiwi, hupandi, hakuna kinachotokea, na fundi atakwambia "subiri mama, zinaiva". Hela imekwenda na huna hata cha kumshikia.

Halafu siku 14! Google wenyewe wameandika wazi kwamba hakuna mtu anayeweza kuahidi nafasi ya kwanza. Kazi ya haki kwa kawaida inataka miezi minne hadi mwaka ndipo uone faida.

domo_la_mto:
Fundi_kodi punguza mahubiri. Mimi nina tovuti za matangazo ya ajira, linki nanunua tangu zamani na nakula matangazo yangu vizuri. Hao wote unaowaona juu unadhani walipanda kwa maombi? Mama, biashara ni vita.

fundi_kodi:
Mkuu sikubishii, kwako inafanya kazi. Nikuulize: tovuti yako ikizama, unafanyaje?

domo_la_mto:
Nafungua nyingine. Jina jipya, wiki moja niko hewani.

fundi_kodi:
Sasa mwulize dada kama anaweza kubadili jina.

mama_migebuka:
Siwezi hata kidogo. Nina vifungashio 2,000 nimechapisha Dar vyenye hilo jina na anwani ya tovuti. Bado viko stoo, nimetumia kama mia nne tu.

domo_la_mto:
Hapo sawa. Kwa hali hiyo hata mimi nisingenunua. Mimi tovuti zangu ni kama mkaa, naziwasha zikiisha nachukua gunia jingine.

boti_ya_mahale:
Naandika nikiwa nimeumwa na nyoka tayari. Mimi nasafirisha wageni Gombe na Mahale. Mwaka 2021 nilinunua linki kwa kijana mmoja wa mtandaoni, sitamtaja. Wiki tano za kwanza nilimwona kama mtume. Simu za wazungu zinaingia, nikaagiza na makoti mapya ya kuokolea.

Wiki ya sita, kimya. Nikafikiri ni msimu. Kuja kufungua Search Console, kile chombo cha Google cha kumwonyesha mwenye tovuti hali ya tovuti yake, nakuta ujumbe kwamba tovuti ina linki zisizo za asili. Huo unatoka kwa watu kabisa, siyo mashine. Kwa hiyo yule anayesema Google haina macho, mwambie mimi nimeyaona. Nikaanza kuziangalia moja moja: kamari, dawa za nguvu za kiume, nyingine lugha yake hata sikuitambua. Niliwaandikia wenye tovuti waziondoe, wachache walijibu, mmoja akataka nimlipe ili aitoe! Zilizobaki nikaziorodhesha kwenye kile kifaa cha Google cha kukana linki, nikaandika barua ya kuomba waniangalie upya. Ya kwanza walikataa. Ya pili wakakubali, lakini pale nilipokuwa sijarudi mpaka leo.

Yule kijana namba yake haipatikani. Anayeadhibiwa ni jina la tovuti, na jina ni la kwako.

pilipili_kichaa:
Makoti ya kuokolea yalibaki mapya hahaha. Pole mkuu.

fundi_kodi:
Dada, kabla hujatoa hata mia, fanya jambo moja sasa hivi. Nenda Google uandike site: halafu unganisha na jina la tovuti yako bila kuacha nafasi. Itakuonyesha kurasa zako wanazozijua. Wewe tovuti yako ina kurasa ngapi?

mama_migebuka:
Sita. Nyumbani, dagaa, migebuka, mawese, kuhusu sisi na mawasiliano. Ngoja nijaribu.

mama_migebuka:
Jamani.

Zimekuja 29. Nimekaa chini.

Kuna "Dagaa wa Kigoma Arusha", "Dagaa wa Kigoma Mbeya", "Dagaa wa Kigoma Iringa", Songea, Tanga, Mtwara… Nimefungua ya Mtwara: "Karibuni wateja wetu wapendwa wa Mtwara, sisi ndio wauzaji nambari moja wa dagaa hapa Mtwara." Mtwara! Sijawahi kutuma huko hata kilo. Nimefungua ya Tanga, maneno ni yale yale, nukta kwa nukta, wamebadili mji tu. Ya Iringa amesahau kubadili sehemu moja, imebaki "hapa Mtwara".

Na kurasa hizi kwenye menyu ya tovuti hazipo, ndiyo maana sijaziona miaka miwili.

fundi_kodi:
Nilihisi. Sasa fungua ukurasa wa nyumbani kwa simu, shuka mpaka chini kabisa, bonyeza pale peupe kwa muda, chagua vyote.

mama_migebuka:
Pale chini kuna nafasi nyeupe kubwa, siku zote nilidhani ni urembo. Nimebonyeza ikawa buluu na maneno yakatokea: dagaa dagaa wa kigoma bei ya dagaa dagaa dar dagaa kariakoo dagaa bei rahisi mawese mawese safi dagaa… yanaendelea mpaka mwisho wa dunia. Maandishi meupe kwenye karatasi nyeupe.

Mwenzenu nilikuwa nauliza kama niingie, kumbe niko ndani siku nyingi.

boti_ya_mahale:
Aisee. Na tovuti nzuri kwa kuangalia!

fundi_kodi:
Usiogope. Ingia Search Console, ni bure, utathibitisha kuwa tovuti ni yako kisha uangalie sehemu ya hatua zilizochukuliwa na wahakiki. Ikiwa tupu hujashtakiwa na mtu yeyote, ni mashine tu imekupuuza.

Hizo kurasa za miji zina historia. Februari 2006 Google waliiondoa tovuti ya BMW ya Ujerumani kwa mchezo wa ukoo huo huo: kurasa zilizojazwa maneno kwa ajili ya mashine, mtu akibofya anapelekwa kwingine. Kampuni ya magari dunia nzima inaijua, ikatoweka! Waliposafisha walirudishwa ndani ya siku chache. Kwa hiyo safisha, kunarudika. Yale maneno meupe futa leo. Kurasa za miji usiyotuma, futa.

Na wale mashemeji, waombe waondoe maoni yao. Maoni ya mtu ambaye hakununua ni kinyume cha masharti, yawe 50 ya fundi au manne ya familia.

mama_migebuka:
Nimeangalia, pako tupu, hakuna shtaka. Shem mmoja nimeshamwambia, amenuna.

Sasa nikishafuta, nibaki na nini? Huyo wa dagaa wa Mwanza bado yuko juu.

fundi_kodi:
Fungua WhatsApp ya biashara. Maswali gani wateja wanarudia mpaka yanakuchosha?

mama_migebuka:
Mbona bei imepanda. Nitajuaje kama ni wa Kigoma kweli. Wana mchanga? Mawese yameganda, yameharibika? Na mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuvua, 15 Mei mpaka 15 Agosti, kila siku watu hamsini, dagaa wapo, dagaa wapo.

fundi_kodi:
Hizo ndizo kurasa zako. Bei inapanda kwa nini?

mama_migebuka:
Sababu kubwa ni mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti, wavuvi wengi wanapumzika na mwalo unakauka. Giza likirudi bei inashuka. Mteja wangu wa zamani ananunua kwa kuangalia angani. Na mchanga ni suala la kuanika: wa kichanja hawana, wa kuanikwa chini utawasikia kwenye meno. Mawese yakipata baridi yanaganda, hayajaharibika, weka juani tu.

fundi_kodi:
Dada, umeandika makala tatu kwa dakika mbili, na huyo wa picha ya Mwanza hana hata moja ya kuibia. Ziandike hivyo hivyo kwa mdomo wako. Kichwa cha kila ukurasa kiwe swali lenyewe kama mtu anavyoliuliza. Piga picha kichanjani, lakini zipunguze uzito kwanza. Picha ya moja kwa moja kutoka kwenye simu inakula bando la mteja, anaondoka kabla haijafunguka. Weka bei na tarehe uliyoiandika. Mteja halisi akipokea mzigo, mwombe maoni, usimpe zawadi ili aandike.

Na linki za haki zipo. Boti_ya_mahale wageni wake wanakula wapi samaki?

boti_ya_mahale:
Hahaha nimekusikia. Nina ukurasa wa "ukifika Kigoma ule nini". Mama nikija kuona kichanja chako na nikaridhika nitakutaja. Bure, ila kilo moja nitanunua kwa bei ya mwenyeji.

mzee_wa_gungu:
Si ndiyo kujuana kule kule nilikosema?

domo_la_mto:
Mama, kitu kimoja ambacho hawajakwambia: jina la tovuti limesajiliwa kwa nani? Kama ni kwa yule kijana wa kwanza, siku akikasirika huna tovuti.

mama_migebuka:
Nimempigia sasa hivi. Inaita, hapokei. Nimemwachia ujumbe wa heshima. Kesho naenda mpaka kwao Katubuka, mama yake namjua.

korosho_tz:
Samahani nimechelewa kwenye uzi. Mimi niko Mtwara. Mwezi wa tatu nilitafuta dagaa wa Kigoma, nikaangukia ukurasa wa "nambari moja hapa Mtwara", nikapiga simu. Akapokea mama mmoja akaniambia "Mtwara? Hapana baba, umekosea namba." Dada ni wewe?

mama_migebuka:
Yesu wangu. Ni mimi. Nilidhani ni wale matapeli wa "tuma kwenye namba hii".

pilipili_kichaa:
Nimecheka hadi mkeka umeraruka.

korosho_tz:
Basi niliishia kununua wa sokoni, mchanga mtupu. Ila sielewi kwa nini huku hutumi. Basi la kwenu linafika Dar, na mabasi ya Dar kuja Mtwara yapo kila siku.

fundi_kodi:
Dada, ya Mtwara umeshaifuta?

mama_migebuka:
Bado. Nimeanza na Arusha, niko Songea.

fundi_kodi:
Iache. Ukianza kutuma kweli, futa yale maneno, uandike mzigo unapita wapi, siku ngapi, nauli kiasi gani na nani anaupokea Dar. Hapo inakuwa ukurasa halali wa mteja wa Mtwara.

mama_migebuka:
Ndugu yangu korosho, nina mtu wa kupokea Mbagala. Giza limeingia tangu juzi, mzigo upo na bei imeshuka. Unataka wa kichanja kilo ngapi?