17 Januari tunapumzika, 9 Desemba tunakwenda kazi: ni sawa?

Mjukuu wa Kapita (Kenia, Lubumbashi)

Wandugu, nawaamkia wote. Kuna neno linanikaa rohoni kila Januari ikifika. Tarehe 4 tunapumzika kwa ajili ya mashahidi wa uhuru, wale wa Léopoldville (Kinshasa ya leo) 1959. Tarehe 16 ni rais Mzee Laurent-Désiré Kabila, 2001. Tarehe 17 ni Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, 1961. Siku tatu ndani ya mwezi mmoja, Leta (serikali) inafunga ofisi, watoto hawaendi masomo. Vizuri. Lakini ikifika 9 Desemba, hapa Lubumbashi kila mtu anashika njia ya kazi, soko linajaa, hakuna anayesimama hata dakika moja.

Kwa vijana ambao hawakufundishwa: Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière, kampuni ya shaba, waligoma. Vita ya Ulaya ilikuwa imepandisha bei ya kila kitu, mshahara umebaki palepale. Wazungu wa kampuni hiyohiyo walikuwa wamekwisha kugoma kabla yao na wakasikilizwa. Weusi walipodai, wakajikuta kwenye kiwanja cha mpira wamezungukwa na askari. Gavana Maron akaja mwenyewe. Tarehe 9 risasi zikapigwa. Léonard Mpoyi, aliyekuwa akisema kwa niaba ya wenzake, akauawa palepale. Babu yangu alikuwa uwanjani. Jioni alirudi nyumbani ameshika kofia ya mtu mwingine.

Naomba mji wetu uishike siku hiyo. Hatuna haja ya kungoja sheria ya Kinshasa. Lumumba aliuawa huku, lakini hakuwa wa kwetu. Wale wa kiwanjani walikuwa wa kwetu kabisa. Mnasemaje?

Mwana wa Sankuru (Kampemba)

"Hakuwa wa kwetu." Nimeyasoma maneno hayo mara tatu.

Papa, mimi ni Mtetela. Lumumba alizaliwa Onalua, 2 Julai 1925, kwenye ardhi ya babu zangu. Lakini mimi nimezaliwa hapahapa Lubumbashi, nimesoma hapa, nimezika wazazi wangu wote wawili hapa. Na mimi si wa kwenu? Mtu mlimpokea pale uwanja wa ndege wa Luano amefungwa kamba, mkampiga, mkamuua usiku porini, mkafuta mwili usionekane. Leo mnasema hakuwa wenu?

Na jina lako lenyewe linanishangaza. Kapita ndiye aliyesimamia wenzake kwa niaba ya mzungu. Mjukuu wa kapita ndiye anataka kutufundisha kulia wagomaji?

Mwana Katuba

Ndugu wa Sankuru, hilo "mlimuua" umemwambia nani? Taja.

Baba yangu ni Muluba wa kaskazini. Hao walikuwa na Lumumba tangu mwanzo. Jason Sendwe na chama chake cha Balubakat walimkataa waziwazi Tshombe, aliyeitenga Katanga na Kongo, na vijiji vyao vikachomwa moto na askari wa Tshombe. Mwaka 1961, hapa mjini, Baluba kwa maelfu walilala kambini chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa kwa sababu kulala nyumbani kulikuwa hatari. Shangazi yangu alizaliwa ndani ya kambi ile, chini ya turubai. Leo kila anayepita hospitali ya Sendwe analitaja jina bila kujua mwenyewe alisimama upande gani.

Tena waliompakia Lumumba kwenye ndege hawakuwa watu wa Katanga. Alitoka gerezani Thysville, akapitishwa Moanda, na ndege ikaletwa huku kwa amri ya wakubwa wa Léopoldville pamoja na Wabelgiji wao. Mji wote wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, haukuwa na habari.

Mtoto wa Lualaba

Kila mwaka ni Tshombe, Tshombe. Mtu naye alikufa kizuizini Algeria, 29 Juni 1969, siku moja kabla ya sikukuu ya uhuru, mbali na kwao Musumba. Hakuna aliyemlilia isipokuwa sisi. Sanamu yake pale mbele ya Posta haikusimama bure, watu wa hapa wanaijua sababu.

Na mimi nilivyosikia kwa wazee, Lumumba alitoroka, akakamatwa na wanakijiji, nao wakamuua Februari, tarehe 12. Redio ilitangaza hivyo. Hii 17 Januari imetoka wapi?

Mwalimu wa Historia (mstaafu)

Mtoto wangu, redio ilitangaza kweli, na ndipo mahali penyewe pa uongo. Tarehe 13 Februari 1961 Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, aliita waandishi akawaambia kwamba Lumumba na wenzake wawili, Mpolo na Okito, wametoroka na kuuawa na wanakijiji. Jina la kijiji akakataa kulitaja. Kijiji hakikuwapo.

Ndege ilitua Luano mchana wa 17 Januari kuelekea jioni. Wakapelekwa kwenye nyumba ya Mbelgiji mmoja, Brouwez, wakapigwa humo. Usiku huohuo wakaendeshwa mpaka karibu na Shilatembo, kilomita hamsini hivi kutoka mjini kwa njia ya Jadotville, Likasi ya leo. Wakapigwa risasi mmoja mmoja. Tshombe na Munongo walikuwapo, na maofisa Wabelgiji walikuwapo. Baadaye afisa wa polisi Mbelgiji, Gerard Soete, akafukua miili na kuiyeyusha kwa tindikali. Jino alilobakiza lilirudishwa kwa familia mwezi wa 6 mwaka 2022, likapitishwa hata Shilatembo, likazikwa Kinshasa tarehe 30. Bunge la Ubelgiji lenyewe lilichunguza na mwaka 2001 likakiri kwamba nchi yao ina wajibu wa kimaadili.

Kwa hiyo hesabu, wote: kutoka 17 Januari mpaka 13 Februari ni siku 27. Siku 27 mji huu ulikula, ukaoa, ukacheza mpira, na mtu alikuwa amekwisha kufa umbali wa saa moja kwa gari. Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka wakubwa walikuwa wakizima redio tukiingia.

Mama wa Ruashi

Mwalimu, umenigusa kwenye siku hizo 27.

Mama yangu, Mungu amlaze, aliwasha mshumaa kila 13 Februari mpaka alipofariki. Tulimwambia, mama, walisema ni 17 Januari. Akajibu: "Mimi nilisikia 13. Machozi yangu yalitoka 13." Leta ilipoweka siku ya kupumzika, yeye hakubadilisha. Kwa hiyo nauliza tena bila ugomvi: siku ya kifo ni siku mtu alipokata roho, au ni siku kilio kilipoanza?

Mwana Katuba

Mama, ni siku alipokata roho. La sivyo muuaji ndiye atakayetupangia kalenda, maana yeye ndiye anayeficha.

Mtoto wa Lualaba

Mzee Kabila naye alipigwa risasi 16, serikali ikatangaza kifo chake 18. Siku mbili watu wanaambiwa anatibiwa. Mbona huko hamwiti uongo?

Mwalimu wa Historia

Naita uongo huko pia.

Mwana Virunga (Goma)

Wandugu wa Lubumbashi, samahani kuingia kwenye kilio chenu. Huku Goma ukitamka 17 Januari, mtu wa kwanza kukumbukwa si Lumumba. Ni mlima.

Alhamisi, 17 Januari 2002, asubuhi, Nyiragongo ilipasuka ubavuni. Mto wa moto ukashuka, ukakata mji katikati, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukala kanisa kuu, ukaingia Ziwa Kivu na maji yakachemka. Mamia ya maelfu walikimbilia Gisenyi, Rwanda, kwa miguu. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimebebeshwa sufuria ya maharagwe iliyokuwa bado na moto, maana mama alikataa kuiacha. Tuliporudi, lopango letu (kiwanja cha nyumba) lilikuwa jiwe jeusi, bado linatoa mvuke. Nyumba ninayokaa leo imejengwa juu ya jiwe hilo. Chini ya sebule yetu kuna jiko la mama.

Kwa hiyo tarehe moja, vilio viwili. Leta inajua kimoja tu.

Mwana Katuba

Pole ndugu. Lakini volkano ni kazi ya Mungu. Haikumpiga mtu risasi. Tusichanganye mambo.

Mwana Virunga

Kazi ya Mungu? Mlima ulikuwa umepasuka 10 Januari 1977 na kuua watu. Ukarudia 2002. Ukarudia 22 Mei 2021, Jumamosi usiku, na tukakimbia tena bila kuonywa na yeyote. Mara tatu! Mungu ndiye alishindwa kutulipia watu wa kuuangalia? Ndiye aliyewaacha watu wajenge tena palepale bila kuwapimia njia ya kukimbilia? Usinifundishe nani alikufa kwa Mungu na nani alikufa kwa uzembe.

Na Januari yetu imeongezewa tarehe nyingine, 27, mwaka 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini. Hiyo nayo utasema imetoka mbinguni?

Mwana Katuba

Nimeelewa. Neno langu nalirudisha.

Kijana wa Unilu

Nimefungua kalenda, nikashtuka. 9 Desemba 1941 ilikuwa Jumanne. 17 Januari 1961, Jumanne. 16 Januari 2001, Jumanne. Angalieni wenyewe kama nimekosea.

Lakini nashangaa tumefika huku bila mtu kutaja usiku wa 11 kuamkia 12 Mei 1990, kampasi ya chuo kikuu chetu hapa Lubumbashi. Wanafunzi walishambuliwa vyumbani mwao usiku, wakati wa Mobutu, na mpaka leo hesabu ya waliokufa ni ugomvi. Natembea kwenye vijia vilevile kila siku. Tukianza kushika 9 Desemba, hiyo tutaiacha?

Muuza makala (Soko la Kenia)

Mimi nasoma tu, lakini niseme langu. Mnaongeza siku, mnaongeza siku. Siku ya kupumzika mwenye mshahara analipwa. Mimi nisipouza makala (mkaa) leo, jioni hakuna bukari. Januari peke yake inaniua. Kumbukeni wafu wenu, hata mimi nina wangu, lakini msifunge soko.

Mjukuu wa Kapita

Papa wa makala, soma tena nilichoandika. Sikuomba kufunga soko. Waliokufa 1941 walikufa kwa ajili ya chakula cha watoto wao. Ningekuwa mtu wa ajabu kukunyima cha kwako kwa jina lao.

Mwana wa Sankuru

Umemjibu muuza makala. Mimi bado nangoja.

Mjukuu wa Kapita

Najibu sasa, nilikuwa kazini.

Kwanza babu. Mwaka 1941 alikuwa mfanyakazi wa kawaida, wa kusukuma magari ya mawe ya shaba. Ukapita aliupata baadaye sana, miaka ya hamsini, na nyumbani hatukuwahi kumsikia akijivunia. Jina hili nimelichukua kwa sababu kata yote ilimwita hivyo mpaka tunamzika. Kama kapita wengine walipiga watu, na walipiga, sitakataa. Lakini usimhukumu mtu ambaye hukukaa naye.

Pili, ile kofia. Ilikuwa ya majani, ukingo wake umechanika upande mmoja, ndani imeshika jasho mpaka imekuwa ngumu kama ngozi. Ilitundikwa kwenye msumari juu ya mlango. Hakuna aliyeruhusiwa kuivaa, hata kuiondoa kufagia utando. Siku moja, nikiwa na miaka saba au nane, niliivaa nikicheza. Babu hakunipiga. Aliniondolea kichwani kwa mikono miwili, akairudisha msumarini, akatoka nje, hakurudi mpaka usiku. Jina la mwenye kofia hakulitaja kamwe. Sijui kama alilijua. Mtu huyo labda hayumo kwenye orodha yoyote, maana hesabu ya Leta ya wakati ule na hesabu ya wenyeji hazijawahi kukutana.

Tatu, "hakuwa wa kwetu". Hapo nilikosa, na nakuomba radhi wewe na wa kwenu. Nilitaka kusema Lumumba ana jina, ana sanamu, ana siku, na mwenye kofia hana hata kimoja. Lakini sivyo nilivyoandika.

Mwana wa Sankuru

Nimepokea. Ya kapita nayo nairudisha, sikumjua mzee wako.

Lakini ujue Watetela nao walikuwa kazini kwenye kampuni ile. Huenda hiyo kofia ni ya mtu wa kwetu.

Mtoto wa Lualaba

Au wa kwetu. Watu wa Lualaba walijaa kampi ile.

Mwana Katuba

Mmeanza tena.

Mama wa Ruashi

Waacheni, hapo hawagombani.

Mjukuu, mwanangu, kiwanja chenyewe kilikuwa wapi? Wengine wananiambia kilikuwa kampi ya Union Minière, upande wa kiwanda, mahali ambapo bomba kubwa la moshi linaonekana. Wengine wananionyesha kwingine. Nataka kujua kabla magoti hayajakataa.

Mjukuu wa Kapita

Ni upande huo wa kiwanda, mama. Babu hakutaka kufika, lakini alituonyesha kwa kidole kutoka barabarani. 9 Desemba saa kumi na moja jioni, watu wakitoka kazini, nitapita Ruashi kukuchukua. Kofia nitakuja nayo.

Muuza makala

Saa kumi na moja nitakuwa nimekwisha kuuza. Mnipitie na mimi.