Nipimeje hofu kwa mtu anayeniambia "tatu"?

Binti_Makorora
Wadau, naomba ushauri. Utafiti wangu wa mwaka wa tatu wa saikolojia unahusu wake wa wavuvi hapa Tanga, Sahare na Deep Sea: hofu yao kipindi hiki cha upepo wa kusi, waume wakiwa baharini usiku. Dodoso lina kipimo cha 1 hadi 5. Karibu kila mtu ananijibu tatu. Mama mmoja kanipa 1, "hofu ya nini, Mungu yupo," na huku kila pikipiki ikipita anasimama mlangoni. Mama mkwe wake kakaa pale pale jamvini. Niandike 1? Msimamizi anasema data ni data. Nawaza niazime zile saa za mkononi za kupima mapigo ya moyo. Mashine haina haya.

Mpiga_baskeli
Haina haya, ila haijui inachopima. Moyo unaenda mbio kwa hofu, kwa hasira, hata kwa kubeba ndoo ya maji. Mwanafiziolojia Walter Cannon alilisema hilo 1927 akimpinga mwanasaikolojia William James, aliyeamini mwili unatangulia na hisia ni kule kuyasikia mabadiliko yake. Mwaka 1962 wanasaikolojia Schachter na Singer waliwadunga wanafunzi adrenalini. Ambao hawakuelezwa itawafanya nini walielekea kufuata hali ya mwigizaji waliyekalishwa naye, mchangamfu au mwenye hasira. (Usiuegemee sana, waliourudia baadaye hawakupata matokeo yale yale.)

Kijana_wa_Pangani
Piga picha za nyuso?

Mpiga_baskeli
Utafiti wa visiwa vya Trobriand, kule Papua New Guinea, uliotoka 2016 ulikuta uso ambao vitabu vinauita wa hofu, wenyeji wanausoma kama wa kutisha wengine. Tena ukawapige picha wake za watu? Watakufukuza.

Bi_Mkubwa_Sahare
Mwanangu, mie nimezaliwa kwa wavuvi nikaolewa kwa wavuvi. Huyo mama hakukudanganya. Kwetu chombo kikiwa majini hofu haitajwi, sembuse mbele ya mama wa mume. Hiyo 1 ni adabu yake umeandika. Na wee umekuja na karatasi na kalamu, mtaani wanaokuja hivyo ni watu wa marejesho ya mikopo! Njoo mchana tunapoanika dagaa, weka kalamu, tandaza nasi. Utasikia hata ambayo hukuuliza.

Binti_Makorora
Shikamoo bibi. Lakini waume wakisharudi salama, hofu si itakuwa imeshapoa?

Mpiga_baskeli
Hapo ndipo penye kazi. Watafiti Redelmeier na Kahneman, 1996, waliwapima wagonjwa waliokuwa wakichunguzwa utumbo: maumivu waliyoyakumbuka yalifuata pale palipouma zaidi na pale mwisho, urefu wa muda haukuhesabika sana. Usiku ulioishia kwa mume kurudi na samaki utakumbukwa mwepesi. Ndiyo maana mwanasaikolojia Csikszentmihalyi, miaka ya 1970, aliwapa watu vifaa vya kulia ghafla; kikilia, unaandika unachohisi saa ile ile. Siku hizi simu zipo. Watumie ujumbe usiku wa manane, wajibu namba tu.

Bi_Mkubwa_Sahare
Marahaba mwanangu. Wee mpiga baskeli, usimfundishe mtoto wa watu hivyo. Simu ilie saa tisa usiku, chombo kiko nje, kusi linavuma? Huyo mama ataanguka kabla hajaifungua. Mtakuwa mmeileta wenyewe hiyo hofu, kisha mkaipima.

Binti_Makorora
Bibi, Jumamosi mnaanika?

Bi_Mkubwa_Sahare
Jua likiwaka. Uje na kanga ya kujifunga, dagaa hawatoki kwenye sketi.